Chagueni Moteri Ambayo Mama Anaweza Kuisukuma



Sisi wamama tunapenda kitu chenye nguvu. Sabuni tunataka yenye nguvu, makala yenye nguvu, dawa ya kikohozi yenye nguvu. Kwa hiyo sikushangaa kikundi chetu cha AVEC hapa Uvira kilipoamua kutengeneza kinga ya umeme, yaani baiskeli yenye moteri na batri, na swali la kwanza la kila mmoja likawa: moteri gani ina nguvu kupita zote? Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari. Diploma yangu niliipata ISP Bukavu, na nguvu, kazi na nishati ndivyo vitu ninavyofundisha kila juma. Mbele ya wamama wenzangu niliomba tununue moteri ndogo na nyepesi. Leo nataka kuwaeleza sababu zangu, maana vikundi vingine vimeanza kuuliza, na mfanyabiashara mara nyingi huonyesha kwanza ile kubwa.

Nianze na kazi yenyewe ya hiyo kinga, kwa sababu moteri huchaguliwa kufuatana na kazi. Yaya yangu ananunua unga wa muhogo na mpunga katika bonde la Ruzizi, anauza sokoni hapa mjini. Kutoka kwa wakulima wake mpaka sokoni ni kilomita 18. Zamani alikuwa akijibebea mwenyewe, mara kichwani, mara juu ya gari likipatikana. Alipojifungua mtoto wake wa mwisho kwa kupasuliwa, daktari alimkataza mizigo mizito. Tangu siku hiyo akawa analipa vijana wa kinga wambebee, na kila mfuko ulifika sokoni faida yake imekwisha kuliwa njiani. Binti yake yuko mwaka wa tano wa sekondari. Pesa ya masomo ya mtoto huyo inatoka katika mifuko hiyo, haina mahali pengine pa kutoka. Na yaya hayuko peke yake. Wamama sita wa kikundi chetu wanafanya biashara ile ile, katika barabara ile ile, na wanalipa vijana wale wale.

Ndiyo maana kikundi kilikubali kutoa dola 400 katika sanduku. Kinga moja ya chuma iliyotumika, moteri moja, batri moja, na wamama saba wapeane zamu, kila mmoja akilipa kitu kidogo kwa sanduku kwa kila safari. Dola 400 za wamama 22 si mchezo. Ni pesa iliyowekwa hisa kwa hisa, Alhamisi kwa Alhamisi, wengine wakiacha kununua sukari ili wasikose hisa ya juma. Moteri ikiungua baada ya miezi miwili, si kinga tu itakayokufa. Hakuna mama atakayekubali tena kusikia neno jipya likitajwa karibu na sanduku.

Mfanyabiashara anayetuletea vifaa kutoka China alituonyesha picha mbili katika simu yake. Ya kwanza ilikuwa moteri ya wati 1000, pana kama sufuria, yenye kilo karibu 7. Ya pili ilikuwa ya wati 250, inalingana na bakuli la uji, na uzito wake ni kilo 2 na nusu hivi. Fundi wetu wa kinga alicheka alipoiona. Akasema, "Madamu, hii ni ya watoto. Chukueni ile kubwa, mtanishukuru." Wamama wengi wakaitikia. Yaya ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mimi sikutaka tubishane kwa maneno. Niliomba tupime kwanza. Kwa mama mmoja muuza samaki niliazima ile mizani ya kuning'iniza yenye ndoano. Wanafunzi wangu wawili wakafunga kamba mbele ya kinga. Yaya akakaa juu, mfuko wa kilo 60 ukafungwa nyuma. Kinga yenyewe ni kilo 20 na kitu, kwa hiyo jumla ilikuwa karibu kilo 150. Wanafunzi wakaivuta polepole kwa mizani, katika barabara ya udongo iliyokauka, na mimi nikisoma sindano. Mnadhani mizani ilionyesha kilo ngapi? Wamama walikisia 50, wengine 80. Ilionyesha kilo 3.

Hapo kukawa kimya. Kilo 150 zinasonga kwa mvuto wa kilo 3 tu! Ndiyo faida ya gurudumu, na ndiyo sababu ya kinga kubeba mzigo ambao hakuna kichwa kinachoweza kuubeba. Gurudumu halituombi kuinua mzigo, linatuomba kuusogeza tu. Katika mchanga mizani ilipanda mpaka 6 na 7. Mahali penye mwinuko mdogo, ule wa kupanda mita 3 katika kila mita 100, ilikaribia 7 na nusu. Hesabu inakubali hivyo, kwa sababu asilimia 3 ya kilo 150 ni kilo 4 na nusu, ukijumlisha na zile 3 za kwanza.

Kutoka hapo hesabu ni ya mwaka wa tatu wa sekondari. Mvuto wa kilo 3 ni sawa na nyutoni 30 hivi. Mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni kama mita 4 kwa sekunde. Mara 30 kwa 4, unapata wati 120. Upepo unaongeza wati 20 au 30. Basi yaya na mfuko wake wanahitaji wati 150 katika barabara yetu ya bondeni. Mtu mzima mwenye afya anaweza kukanyaga pedali kwa wati 50 mpaka 100 kwa muda wa saa nzima. Yaya akitoa 50 zake bila kujichosha, moteri inabaki na deni la wati 100. Wati 100, wamama! Na sisi tulikuwa tunataka kununua 1000. Kupanda ule mwinuko mdogo kunataka zaidi, ndiyo, lakini yaya akipunguza mwendo mpaka kilomita 10 kwa saa, moteri ya wati 250 inamfikisha juu. Huko Ulaya sheria yenyewe imeweka mpaka wa kinga ya umeme kuwa wati 250, na moteri inaacha kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Watu wazima wanaenda nayo kazini.

Fundi akauliza swali zuri: "Sasa ubaya wa nguvu ya ziada ni nini? Si utaitumia siku ukiihitaji?" Ubaya ni kwamba nguvu ya ziada inataka kulishwa na inataka kubebwa. Moteri ya wati 1000 ikila kwa nguvu zake zote, batri ya wati-saa 360 tuliyokuwa na uwezo wa kuinunua inakwisha kwa dakika 21 hivi. Ili moteri hiyo ishibe unahitaji batri kubwa zaidi, na batri ndiyo kitu cha bei kuliko vyote katika kinga ya umeme. Batri nyingi za namna hii zina kobalti ndani yake, na kobalti nyingi ya dunia inachimbwa hapa kwetu Kongo, upande wa Kolwezi. Inatoka kwetu kama udongo, inaturudia kama batri isiyoshikika bei. Basi tusiinunue zaidi ya tunavyohitaji. Tena jumlisha uzito: moteri kubwa na batri yake kubwa zinazidi zile ndogo kwa kilo 7 au 8. Huo ni uzito wa mtoto wa miezi minane. Unambeba kwenda, unambeba kurudi, kila safari, na hata siku moja hatakua akaanza kutembea mwenyewe.

Sasa niwaeleze tofauti ya moteri zenyewe, maana ukijua tofauti hakuna atakayekudanganya kwa picha.

Moteri nyingi za kinga zinakaa ndani ya kitovu cha gurudumu. Wazo hili ni la zamani: mwaka 1895 Mmarekani Ogden Bolton alipewa hati ya uvumbuzi kwa kinga yenye moteri ndani ya gurudumu la nyuma. Leo moteri za kitovu ni za namna mbili. Namna ya kwanza haina meno ndani. Sumaku na nyaya zinazungusha gurudumu moja kwa moja, mzunguko mmoja wa moteri ni mzunguko mmoja wa gurudumu. Ni moteri tulivu, haina cha kusagika, na zingine zinaweza kurudisha umeme kidogo kwenye batri ukishuka mlima. Lakini kwa sababu inazunguka polepole, ili ipate nguvu ni lazima iwe na sumaku nyingi na shaba nyingi, kwa hiyo ni nzito. Tena ukiizima, zile sumaku bado zinaishika. Ukikanyaga pedali bila umeme unasikia kama mtu amekamata kinga kwa nyuma.

Namna ya pili ina meno ndani. Moteri yenyewe ni ndogo na inazunguka haraka, mara nne au tano kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, na meno ndiyo yanayogeuza haraka hiyo kuwa nguvu. Mfano wake mnao nyumbani. Kubeba bido ya lita 20 mara moja kunataka mtu mwenye mwili. Lakini msichana mdogo mwenye kidumu cha lita 5, akienda mbio mara nne, analeta maji yale yale. Moteri yenye meno ni yule msichana. Na ukizima umeme, ndani yake mna kifaa kama kile cha gurudumu la nyuma la kinga, kinacholiacha gurudumu lizunguke huru. Ubaya wake ni kwamba meno mara nyingi ni ya plastiki ngumu. Yanasagika kwa miaka, na yanaharibika upesi ukimlazimisha msichana kubeba mzigo wa tembo. Hata hivyo, meno yanaweza kubadilishwa bila kununua moteri nyingine.

Kuna na namna ya tatu, moteri inayofungwa katikati, kwenye pedali. Uzito wake ni karibu kilo 4. Hiyo inavuta cheni, kwa hiyo inatumia gia za kinga, na kwa milima ni nzuri sana. Wenzetu wa Bukavu, au mama anayefikiria kupanda Ngomo, wangeiangalia hiyo kwanza. Lakini kinga zetu za bondeni hazina gia za kubadilisha, moteri hiyo ni ya bei zaidi, na cheni inaliwa upesi kwa sababu inavutwa na miguu na moteri kwa pamoja.

Kuhusu kutopoteza umeme, fikirieni jiko. Mafiga matatu na jiko bora vinaivisha maharagwe yale yale, lakini mafiga yanakula kuni mara mbili, kwa sababu moto mwingi unapita pembeni ya chungu. Moteri nayo ina moto unaopita pembeni. Ikizunguka karibu na mwendo iliyotengenezewa, katika sehemu 100 za umeme inaweza kupeleka 75 au 80 kwenye gurudumu. Ikifunguliwa kabisa huku mzigo unaishikilia chini ya nusu ya mwendo wake, sehemu kubwa ya umeme inageuka joto, na joto ndilo linaloyeyusha meno na kuunguza nyaya. Kwa hiyo mama wa mizigo asinunue moteri ya mbio. Aulize: bila mzigo, inazungusha gurudumu mara ngapi kwa dakika? Ya kwetu ni mara 200. Gurudumu la kinga yetu, lile kubwa la inchi 28, linatembea mita 2.2 kwa kila mzunguko. Mara 200 ni mita 440 kwa dakika, ambayo ni kilomita 26 kwa saa bila mzigo. Ukiweka mzigo inashuka kwenye 15 na 18, na hapo bado inafanya kazi vizuri. Moteri yenye mizunguko 330 ingetaka kukimbia kilomita 43 kwa saa. Mama mwenye unga nyuma anaenda wapi na mbio hizo?

Yaya alisikiliza yote, kisha akasema neno lililonigusa: "Mdogo wangu, wewe unahesabu wati, mimi nahesabu mifuko. Kwa moteri kubwa nitaleta miwili." Na alikuwa na haki yake. Mifuko miwili kwa safari moja ni pesa mara mbili, na ni yeye anayelala akiwaza pesa ya masomo, si mimi. Nilimjibu kwa kitu kimoja tu: freni. Mifuko miwili, kinga na yeye mwenyewe ni kilo 210 na zaidi. Moteri kubwa itazisukuma mpaka mbio ambazo freni zetu za vyuma, zinazokamata rimu tu, hazitaweza kuzisimamisha, hasa rimu ikilowa mvua. Wati hazisimamishi kinga. Na mbele yake barabarani kuna watoto wanaotoka shuleni, baadhi yao wa kwangu. Alinyamaza. Hakukubali siku hiyo. Alisema tu, "Basi nitachoka mara nne badala ya mara mbili." Ni kweli, na siwezi kuwaficha: moteri ndogo ina gharama yake, na gharama hiyo hailipwi na mwalimu.

Mama prezida aliomba kura. Wamama 13 walichagua moteri ndogo yenye meno, 9 walitaka ile kubwa.

Tuliifunga nyuma, si mbele. Kuifunga mbele ni rahisi zaidi, lakini mzigo wetu unakaa nyuma, na gurudumu lenye mzigo ndilo linaloshika ardhi. Mbele kungekuwa kwepesi na gurudumu lingezunguka bure katika mchanga. Fundi alipanua kidogo chuma cha nyuma ili moteri iingie, maana chuma kinakubali kupanuliwa, aluminiamu haikubali. Alihesabu matundu ya vijiti vya gurudumu, tunavyoviita reyo, kwa sababu moteri nyingi zina matundu 36 na rimu za kinga zetu za zamani mara nyingi zina 32 mbele na 40 nyuma. Ilibidi tununue rimu yenye 36 na reyo nene. Kisha aliongeza kipande cha chuma kinachoishika ekseli ya moteri, ili isijizungushe na kukata nyaya. Msikubali fundi akaacha kipande hicho eti kinga ni ya moteri ndogo. Kontrola, yaani kile kiboksi kinachogawa umeme, tulichukua kidogo, cha ampea 15 tu. Katika volti 36 hiyo ni wati 540 kwa muda mfupi wa kuanza safari au kupanda, inatosha, na inayalinda meno.

Sasa imetembea miezi minne. Safari ya yaya ni kilomita 18 kwenda mtupu na 18 kurudi na mfuko. Akienda anatumia wati-saa 100 hivi, akirudi 160 hivi. Katika batri ya wati-saa 360 inabaki akiba, na akiba hiyo ndiyo inayoifanya batri idumu, maana batri ya lithiamu haipendi kukaushwa kabisa kila siku. Tunaichajia kwa paneli za jua nyumbani kwa mama prezida, mchana, mtu akiwa macho. Si usiku, na si karibu na kitanda wala watoto.

Juma la sita, mama mmoja wa zamu aliirudisha kinga bila kuichomeka. Kesho yake yaya alitoka asubuhi bila kutazama taa za batri. Wakati wa kurudi umeme ulizima, zikibaki kilomita 7, na jua linashuka. Wamama wa Uvira, hamhitaji niwaeleze maana ya mwanamke kubaki peke yake katika barabara ile giza likiingia, na mfuko wa unga na kinga ya kikundi. Yaya alikanyaga pedali. Kinga ilizunguka huru, bila kushikwa. Mahali pa mchanga alishuka akaisukuma. Alifika nyumbani kabla ya saa moja na nusu ya usiku, amechoka, amekasirika, lakini amefika na mfuko wake. Kisha akainyanyua kinga kwenye kizingiti na kuiingiza ndani, kwa sababu kinga ya umeme hailali nje. Kesho yake aliniambia, "Ile nyingine ningeiacha njiani." Hakusema zaidi, na mimi sikumwuliza zaidi.

Hilo ndilo ninalotaka mlishike. Mfanyabiashara anawaonyesha moteri katika siku yake nzuri: batri imejaa, barabara imekauka. Ninyi ichagueni kwa siku yake mbaya. Ulizeni: ikizima, mama aliyepasuliwa anaweza kuikanyaga au kuisukuma mpaka nyumbani? Kama jibu ni hapana, si moteri ya mama, hata iwe na wati ngapi.

Kwa vikundi vinavyojiandaa, haya ndiyo maswali ya kumpelekea muuzaji kabla ya kutoa hata dola moja.

Moteri peke yake, bila rimu, ni kilo ngapi? Ikipita kilo 4, muulize kwa nini.

Ina meno ndani au haina? Ikizimwa gurudumu linazunguka huru? Zungusheni kwa mkono kuelekea mbele, msikubali jibu la mdomo.

Ni ya volti ngapi, na bila mzigo inazunguka mara ngapi kwa dakika katika volti hizo? Kwa mizigo tafuteni 200 au karibu na hapo.

Ina upana gani, na matundu mangapi ya reyo? Pimeni kinga yenu kabla ya kuagiza.

Meno ya kubadilisha yanapatikana? Agizeni seti moja pamoja na moteri, maana kuyasubiri baadaye ni kuiweka kinga ukutani kwa miezi.

Waya unaingiaje ndani? Mahali unapotoka kwenye ekseli ndipo maji yanapoingia na ndipo unapokatika. Hata moteri iliyofungwa vizuri, msiivushe mtoni maji yakifika kwenye kitovu. Mulongwe na Kavimvira zikijaa, kinga inasubiri kama watu wanavyosubiri.

Kwa wamama wa milimani, msichukue majibu yangu, chukueni mizani. Mlima wa kupanda mita 8 katika kila mita 100 unadai mvuto wa kilo 12 zaidi kwa mzigo kama wa yaya, na hapo moteri yetu ndogo ya kitovu ingechemka. Kwenu huenda ile ya katikati ndiyo ya haki, au kupunguza mfuko uwe nusu. Mzigo wenu, barabara yenu, mizani yenu.

Kikundi chetu kimeanza kuweka pesa ya kinga ya pili. Yaya ameomba iwe na kibebeo kirefu zaidi na freni bora, ndipo turudie mazungumzo ya mifuko miwili. Nimemwambia tutapima. Kama kikundi chenu kinataka kupima pia, njooni Jumamosi mchana, nyuma ya shule, wanafunzi wangu watakuwepo. Leteni kinga mnayoitumia na mzigo wenu wa kila siku, msipunguze hata kilo. Mizani ya samaki tutakuwa nayo, na imeoshwa.